Mwanamke Asiye na Jina: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza na Kutunza Picha ya Kale ya Penseli

Kati ya miaka ya 1780 na 1850, familia ya Ulaya iliyotaka sura ya mama, binti au mchumba ibaki kwenye karatasi haikulazimika kumlipa mchoraji wa rangi za mafuta. Penseli ilitosha. Mchoraji alikaa na mtu kwa saa chache, akalipwa kiasi cha wastani, na picha ikaingia kwenye fremu ndogo au kwenye albamu ya nyumbani. London ilikuwa na Henry Edridge na Richard Cosway, mabingwa wa kazi hiyo. Roma alikuwepo Jean-Auguste-Dominique Ingres, aliyekaa huko kuanzia 1806 hadi 1820 na kujikimu kwa kuwachora wasafiri, hasa Waingereza waliomiminika baada ya Napoleon kuanguka mwaka 1815. Chini ya majina hayo makubwa walikuwepo walimu wa kuchora, wachoraji wa kuzunguka mji kwa mji, na mabinti waliochorana wao kwa wao sebuleni.

Michoro hiyo bado inazunguka. Utaikuta mnadani, kwenye masoko ya mitumba ya London na Paris, ndani ya masanduku ya vitabu vya zamani. Mingi haina jina, na wanawake ndio waliopotea kirahisi zaidi: waliacha jina la ukoo walipoolewa, wakaandikwa kwa jina la mume, na hawakushika vyeo ambavyo vingewaweka kwenye kumbukumbu za serikali.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye mchoro wa aina hiyo mkononi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na karatasi, malizia na uso. Watu wengi hufanya kinyume. Uso unawavuta, wanaingia mtandaoni kuulinganisha na watu mashuhuri, na kabla jua halijatua wamekwishampata Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Kwa Austen, picha ya uso inayokubalika kwa ujumla ni moja tu, mchoro mdogo wa penseli na rangi ya maji wa dada yake Cassandra, wa mnamo 1810, uliopo National Portrait Gallery ya London. Uhaba huo ndio unaowafanya watu wamwone kila mahali. Kufanana kwa sura ni ushahidi dhaifu kuliko wote, na ukiutanguliza utaona ushahidi mwingine wote kwa miwani yake.

Hatua ya kwanza: Piga picha kabla ya kugusa

Nawa mikono, ikauke kabisa. Safisha meza, tandika karatasi nyeupe, ondoa chai, maji na kalamu za wino. Maelezo yako yaandike kwa penseli, maana tone moja la wino likidondoka halitoki.

Piga picha mbele, nyuma, kingo za fremu, lebo, misumari na kila mwandiko. Kisha zima taa ya juu, shika tochi pembeni mwa mchoro, sambamba na uso wake, na upige tena. Mwanga wa ubavuni huonyesha mikunjo, mahali palipokwaruzwa, na mifereji iliyoachwa na penseli ngumu hata pale ambapo mstari wenyewe ulifutwa. Pima urefu na upana kwa milimita, karatasi peke yake na fremu peke yake.

Hatua ya pili: Kuutoa kwenye fremu, au kuuacha

Fremu isifunguliwe kama karatasi imegandana na kioo, kama kuna ukungu hai, wa unga au manyoya, au kama karatasi inapasuka ukiigusa. Hapo mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Ukijaribu kuibandua mwenyewe, uso wa mwanamke unaweza kubaki kwenye kioo.

Kama uko salama, laza fremu kifudifudi juu ya taulo safi. Nyuma kwa kawaida kuna karatasi ya kahawia iliyobandikwa, na chini yake ubao mwembamba ulioshikwa kwa misumari midogo. Mafundi wengi huichana karatasi hiyo ya nyuma na kuitupa, na inaniuma kila ninapoiona imechanwa, kwa sababu hapo ndipo lebo ya fundi fremu inapokaa. Lebo yenye jina na mtaa ni hazina. National Portrait Gallery imechapisha kwenye tovuti yake orodha za watengenezaji fremu wa Uingereza na za wauza vifaa vya wachoraji, pamoja na miaka ambayo kila mmoja alikuwa kwenye mtaa gani. Duka lililohama mara tatu linaweza kukupunguzia kipindi kutoka miaka hamsini hadi sita. Kwa hiyo kata karatasi ile kuzunguka lebo, uitoe nzima, na uihifadhi kwenye bahasha.

Kumbuka pia kwamba fremu na mchoro si lazima viwe vya umri mmoja. Fremu zilibadilishwa kila mitindo ya nyumba ilipobadilika. Angalia kama kuna mashimo ya zamani ya misumari, na kama doa la mwanga kwenye karatasi linalingana na uwazi wa fremu iliyopo. Yasipolingana, mchoro uliwahi kukaa kwenye fremu nyingine.

Hatua ya tatu: Hakikisha kweli ni penseli

Hapa unahitaji lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ni kifaa cha bei ndogo na kitakuokoa mara nyingi.

Ukiona nukta zilizopangwa kwa safu, ni picha iliyochapwa kwa mashine. Mbinu hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1880. Ukiona chembechembe za mafuta zilizotawanyika na weusi usiong'aa hata kidogo, huenda ni chapa ya jiwe, litografia, aliyoivumbua Alois Senefelder mwishoni mwa miaka ya 1790, ambayo iliiga mistari ya mchoro kwa ustadi unaohadaa hata jicho lililozoea. Na kama kuna alama ya mstatili iliyobonyea kuzunguka picha, hiyo ni chapa ya bamba la shaba au chuma.

Penseli halisi ina dalili zake. Inua karatasi kidogo kuelekea dirishani: sehemu nyeusi zitatoa mng'ao wa kijivu kama wa chuma. Huo ni mng'ao wa grafiti, madini yaliyo ndani ya penseli. Mkaa na chaki nyeusi hazina mng'ao huo. Chini ya lenzi, grafiti hukaa juu ya vilima vya karatasi na kuacha mabonde meupe, na pale mchoraji alipokaza mkono utaona mfereji. Geuza karatasi, mistari mizito huonekana nyuma kama mishipa.

Tafuta pia mahali ambapo mchoraji alibadili mawazo. Bega lililochorwa mara mbili au ukingo wa shavu uliosogezwa ni habari njema, kwa sababu anayenakili picha nyingine hana sababu kubwa ya kusitasita. Kufuta kwenyewe kulifanyika kwa makombo ya mkate hadi Joseph Priestley alipoandika mwaka 1770 kuhusu mpira unaofuta penseli, kisha raba ikaenea.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengi hawautaji. Mwishoni mwa karne ya 19, hasa Marekani, studio zilikuza picha ndogo ya kamera hadi kuwa kubwa na hafifu, halafu fundi akapita juu yake kwa mkaa, chaki au penseli. Matokeo yanaonekana kama mchoro. Chini ya lenzi utaona ukungu laini wa kijivu au kahawia chini ya mistari, hasa machoni na puani, mahali ambapo mchoraji wa kawaida angeacha karatasi wazi. Picha hizo huwa kubwa, za kifua na uso, na mara nyingi ziko kwenye fremu ya umbo la yai yenye kioo kilichobinuka. Zina thamani yake, lakini historia yake ni nyingine.

Ukikuta mistari myembamba ya kahawia, yenye uzito uleule mwanzo hadi mwisho, juu ya karatasi iliyopakwa tabaka jeupe au la rangi, hiyo yawezekana ni ncha ya fedha, mbinu ya wachoraji wa kabla ya grafiti kuenea. Hapo simama, usiendelee peke yako, tafuta mtaalamu.

Kuhusu umri wa penseli yenyewe, grafiti safi ya Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, ilichimbwa tangu karne ya 16, na mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo na kuuchoma, ndipo zikaja penseli za ugumu tofauti. Kwa macho huwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Lakini mchoro wenye ngazi nyingi za weusi, kutoka kijivu cha kioo hadi weusi mzito, unaelekea upande wa baada ya Conté.

Hatua ya nne: Isome karatasi

Shikilia karatasi mbele ya dirisha, au weka skrini nyeupe ya simu nyuma yake. Karatasi ya zamani ya mkono ina mistari iliyobanana, iliyokatwa na mistari michache iliyoachana kwa sentimita mbili au tatu. Hiyo ni alama ya waya za kichujio kilichotumika kutengenezea karatasi. Karatasi laini isiyo na mistari ilitengenezwa na James Whatman wa Kent na kutumika kwenye kitabu kilichochapwa mwaka 1757. Wachoraji wa penseli waliipenda kwa sababu mstari haukwami, na kufikia miaka ya 1790 ilikuwa imeenea kwao. Kwa hiyo picha ya sura kwenye karatasi laini haiwezi kuwa ya 1720, hata kama muuzaji ameapa.

Tafuta alama ya maji, ile alama iliyofichika ndani kama unayoiona ukiinua noti kwenye mwanga. Kwa karatasi za Uingereza una bahati: sheria ya ushuru ya mwaka 1794 iliwapa watengenezaji sababu ya kuweka mwaka ndani ya alama, na desturi ikaendelea. Ukisoma J WHATMAN na 1816 chini yake, unajua mchoro haukuchorwa kabla ya mwaka huo au karibu nao sana. Haukuambii ulichorwa lini baada yake. Karatasi ilinunuliwa kwa akiba, ikakaa kabatini, ikatumika miaka mitano baadaye. Mara nyingi utapata kipande tu cha alama, herufi mbili au nusu ya taji, kwa kuwa mchoraji alikata karatasi kubwa vipande vinne. Chora kwa makini unachokiona, pima umbali wa mistari, na ulinganishe na mikusanyo ya alama za maji iliyopo mtandaoni.

Kadibodi nyembamba ngumu, nyeupe na laini, inayoitwa bodi ya Bristol, ilitumika sana katika karne ya 19. Chunguza pembe zake kwa mwanga wa ubavuni: mara nyingi kuna muhuri mdogo uliokandamizwa bila wino wenye jina la mtengenezaji. Wengi huukosa kwa sababu ni mweupe juu ya weupe.

Karatasi iliyogeuka kahawia na kukatika ikikunjwa kidogo inaelekea kuwa ya nyuzi za mbao zilizosagwa. Friedrich Gottlob Keller alibuni usagaji huo Ujerumani miaka ya 1840, na karatasi hiyo ikaenea katika miongo iliyofuata.

Jaribio la mwisho lifanye gizani kwa taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe kwa nguvu, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutumika kwenye karatasi mnamo 1950, na mazungumzo ya karne ya 19 yanaishia hapo. Isipowaka, usifurahi sana. Waghushi hukata kurasa tupu za vitabu vya zamani na kuchora juu yake. Karatasi ya zamani inathibitisha umri wa karatasi.

Hatua ya tano: Mgongo wa mchoro

Kama ningeruhusiwa kutazama upande mmoja tu wa mchoro, ningechagua nyuma.

Nakili kila kitu kama kilivyo, makosa ya tahajia yakiwemo: namba, bei, herufi za peke yake. Namba iliyopigwa kwa chapa nyuma ya fremu inaweza kuwa ya mnada. Nyumba ya Christie's ilikuwa na desturi hiyo, na namba zake zinaweza kufuatiliwa hadi mauzo husika. Muhuri mdogo wenye herufi au nembo, mara nyingi pembeni chini, unaweza kuwa wa mkusanyaji. Frits Lugt alichapisha kamusi ya mihuri hiyo mwaka 1921, akaongeza nyongeza mwaka 1956, na leo Fondation Custodia ya Paris imeiweka yote mtandaoni bila malipo.

Maneno ya Kilatini yana kazi. Ukikuta del. au delt baada ya jina, huyo ndiye aliyechora. Ad vivum ina maana mtu alikaa mbele ya mchoraji. Pinxit ni la mchoraji wa rangi, na likiwepo pamoja na jina lingine, mchoro wako ni nakala ya picha ya rangi iliyotangulia.

Sasa majina. Mwandiko wa nyuma mara nyingi ni wa kizazi cha pili au cha tatu, mtu aliyeogopa kwamba wajukuu watasahau. Akiandika "bibi yangu", swali la kwanza ni bibi wa nani, na la pili ni mwandiko ni wa wakati gani. Akiandika "shangazi Mary", kuna Mary wangapi kwenye ukoo huo? Na kwa Uingereza na Marekani, mwanamke aliyeolewa aliandikwa kwa jina kamili la mumewe. National Gallery of Art ya Washington ina mchoro wa penseli wa Ingres wa mwaka 1816 unaojulikana kama Mrs. Charles Badham. Charles ni mume. Mwenyewe alizaliwa Margaret Campbell. Kwa hiyo unapokuta jina la aina hiyo, mtafute mume kwanza, kisha kumbukumbu za ndoa zitakupa jina la mke.

Saini ya mbele ichunguze kwa mashaka ya heshima. Je, ina mng'ao uleule wa grafiti kama mistari mingine? Je, imekaa chini ya uchafu na madoa, au juu yake? Saini iliyoandikwa juu ya doa la kahawia ni changa kuliko doa hilo.

Hatua ya sita: Nguo na nywele

Hapa ndipo tarehe inapobana, na kanuni ni moja: kitu kipya kuliko vyote kwenye picha ndicho kinachoamua. Bibi wa miaka 70 anaweza kuvaa kofia ya ujana wake, lakini hakuna aliyevaa mikono ya gauni ambayo ilikuwa haijabuniwa.

Kuanzia mnamo 1795 hadi 1820, mshipi wa gauni ulipanda hadi chini ya matiti, kitambaa kikawa chepesi, na nywele zikakusanywa nyuma na vishungi vikaachwa paji la uso. Baada ya hapo kiuno kikashuka kidogo kidogo hadi mahali pake, na mikono ikaanza kufura. Kati ya 1830 na 1835 ilifura kiasi kwamba kiwiliwili kilionekana pembetatu iliyogeuzwa, na nywele zikasukwa shungi refu juu ya utosi, na vishungi vya mizunguko kila upande. Kipindi hiki ndicho rahisi kuliko vyote kukitambua. Mwaka 1836 mikono ikanywea ghafla.

Miaka ya 1840 ni ya utulivu: njia ya nywele katikati, nywele laini zikashuka kufunika masikio, mabega ya gauni yakashushwa hadi juu ya mkono, kiuno kikachongoka mbele. Katika miaka ya 1850 na 1860 sketi zilipanuka juu ya pete za chuma zilizovaliwa ndani, lakini kwenye picha ya kifua na uso huoni sketi, kwa hiyo tazama nywele zilizofungwa chini kisogoni, mara nyingine ndani ya wavu. Miaka ya 1870 nywele zikapanda juu nyuma, zikasukwa nzito. Miaka ya 1880 ni ukosi mrefu uliobana shingo na nywele fupi zilizojikunja juu ya paji. Mikono mikubwa ilirudi mnamo 1895, na hapo wengi huichanganya na ya 1832, angalia ukosi. Ule wa 1895 umepanda shingoni, wakati wa 1832 umefunguka au umetandazwa mabegani.

Kofia ya ndani ya kitambaa cheupe na lesi, kwa nusu ya kwanza ya karne ya 19, mara nyingi ni ya mwanamke aliyeolewa au mtu mzima. Pete isikupe uhakika wa haraka: Waingereza na Wafaransa huvaa ya ndoa mkono wa kushoto, Wajerumani wengi wa kulia, na mchoro ulionakiliwa kwa kioo au chapa unaweza kugeuza mikono. Nguo nyeusi inaweza kuwa ya msiba, na pia inaweza kuwa tu gauni zuri la hariri.

Hatua ya saba: Mkono uliochora

Wazoefu wa penseli walikuwa na tabia ya kumalizia uso kwa uangalifu mkubwa na kuliacha gauni kwa mistari michache iliyokwenda mbio. Ingres alifanya hivyo, na Edridge pia, wakati mwingine akitia rangi hafifu ya maji mashavuni na midomoni. Mwanafunzi hufanya kinyume: huchora kila uzi wa nywele, kila tundu la lesi, macho yakawa makubwa kupita uso na shingo ikasimama peke yake. Mimi binafsi naipenda michoro ya wanafunzi. Mara nyingi aliyechora na aliyechorwa walikuwa ndugu, na hiyo ni njia ya kulifikia jina.

Mistari ya kivuli ina mwelekeo. Ikishuka kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, mchoraji alitumia mkono wa kulia. Ikiwa kinyume kila mahali, wa kushoto. Ukiwa na michoro miwili ya albamu moja, dalili hii ndogo inaweza kuitenganisha au kuiunganisha.

Kisha jiulize kama mwanamke huyu alikuwepo kabisa. Karne ya 19 wanafunzi walinakili picha maarufu kwa mamia. Msichana aliyefunga kilemba cheupe na kugeuza uso begani huenda akawa Beatrice Cenci, msichana wa Roma. Alikatwa kichwa kwa hukumu mwaka 1599, na picha ya Palazzo Barberini, iliyohusishwa kwa muda mrefu na mchoraji Guido Reni, ilinakiliwa na karibu kila msafiri mwenye penseli. Mwanamke mwenye kitambaa cha milia kichwani anayeinamisha kichwa anaweza kuwa Bikira Maria wa Raphael aliyeko Palazzo Pitti, Florence. Tumia huduma ya kutafuta kwa picha mtandaoni, mara moja na mchoro ulivyo, na mara ya pili ukiwa umegeuzwa kushoto kulia.

Hatua ya nane: Kuutunza ukiwa kwako

Usifute, usipulize dawa ya kugandisha, usioshe, usipaushe. Madoa ya kahawia yanaweza kukera, lakini raba inayotoa doa hutoa na grafiti. Grafiti yenyewe haipauki kwa mwanga. Karatasi ndiyo inayoungua. Majumba ya makumbusho huweka mwanga wa kiasi cha laksi 50 kwenye kazi za karatasi, na nyumbani hiyo ina maana ukuta usiopigwa na jua saa yoyote.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, adui mkubwa ni unyevunyevu. Hewa ikikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, kuvu huota. Usitundike mchoro kwenye ukuta wa nje unaotoa chumvi na jasho, wala karibu na jiko au bafu. Weka vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite. Usiufunge ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu ulioingia nao utabaki nao. Mende na wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia kwenye vitabu hula gundi ya wanga na kukwangua uso wa karatasi, kwa hiyo kagua nyuma ya fremu kila mwezi wakati wa masika. Kisanduku kisikae sakafuni, kwa sababu ya mchwa na mafuriko.

Unapoweka fremu upya, agiza kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, na dirisha la kadibodi lenye unene wa kutosha kuzuia karatasi isiguse kioo. Mchoro ushikwe juu tu, kwa vibawa viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu marufuku, hata ile inayouzwa kwa jina la "isiyo na madhara". Ukiuhifadhi bila fremu, ulaze ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, na karatasi laini nyembamba juu ya uso wake, na usikokote kitu juu yake.

Hatua ya tisa: Kulitafuta jina

Sasa ndipo uso unapoingia kazini, ukiwa umekwishajua kipindi, nchi na pengine mtaa wa fundi fremu. Kwa Uingereza na Wales, uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Julai 1837, na sensa ya 1841 ndiyo ya kwanza nchi nzima kuhifadhiwa kwa majina; kabla ya hapo nenda kwenye vitabu vya makanisa. Ufaransa, serikali iliandikisha tangu 1792. Marekani, sensa ya shirikisho ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru wa nyumba kwa jina, wanawake wakiwemo. Kabla yake alitajwa mkuu wa nyumba tu, na waliokuwa watumwa hawakuandikwa majina hata kwenye sensa hiyo.

Kwa kulinganisha picha, kuna Maktaba ya Witt ya Courtauld jijini London, yenye mkusanyo wa picha za kazi za sanaa, taasisi ya historia ya sanaa ya RKD jijini The Hague, na kumbukumbu za Heinz za National Portrait Gallery. Ukiwaandikia, usiulize "huyu ni nani?" Waambie vipimo kwa milimita, aina ya karatasi, maandishi yote kama yalivyo, ulikoupata mchoro, na kipindi unachokikisia pamoja na sababu. Ambatisha picha ya mbele, ya nyuma na ya mwanga wa ubavuni. Barua ya namna hiyo hujibika.

Jina usilikubali kwa ushahidi mmoja. Nataka mbili zisizotegemeana: kwa mfano mwandiko wa nyuma, na mwanamke huyo kuwepo kwenye sensa akiwa na umri unaolingana na gauni lake. Ukiwa na mmoja tu, andika "labda" mbele ya jina, na neno hilo lisitolewe na mtu yeyote anayekuja kuuza. Ukiwa huna, andika lebo hivi: mwanamke asiyejulikana, mchoraji asiyejulikana, Uingereza, takriban 1830–1835, penseli kwenye karatasi laini. Hiyo ni lebo kamili. Jina la kubuni huzuia utafiti wa watakaokuja, kwa kuwa hakuna anayetafuta kilichokwishapatikana.

Usiandike chochote kwenye mchoro wenyewe, hata nyuma. Weka daftari au bahasha yenye namba ya mchoro, na ndani yake nakala za picha, lebo ya fundi fremu, barua ulizopokea na majina uliyoyachunguza ukayakataa, pamoja na sababu za kuyakataa. Ukiuuza, ukiutoa zawadi au ukiurithisha, bahasha hiyo iende nao.